Mkono Usiotafuta Kitufe

Vifungu vya mkataba hupangwa (a), (b), kisha (c), na hapo kwenye (c) ndipo Word inapojitia ujuzi. Inaifuta ile herufi na kuweka alama ya hakimiliki, ile c ndogo ndani ya duara. Mkataba wa kuuziana kiwanja cha Fuoni unajikuta una kifungu cha kwanza, kifungu cha pili, na tangazo la hakimiliki. Karani asiyejua hufuta na kuandika upya, na programu humgeuzia tena. Anayejua kidogo hubonyeza Ctrl na Z, herufi ikarudi, akaendelea. Kesho atabonyeza tena, na keshokutwa. Fundi huifungua orodha ya masahihisho mara moja, akaliondoa lile agizo, na kuanzia siku hiyo hakuna (c) inayogeuka dukani kwake.

Steshenari za Mji Mkongwe, Unguja, ni vyumba vidogo: meza, kompyuta moja au mbili, printa, mashine ya fotokopi, ya kulamineti, na rimu za karatasi zilizopangwa mpaka dirishani. Kutoka Vuga hadi Darajani, na Ng'ambo yote hadi Mwanakwerekwe, shughuli za kisiwa hupitia humo ili ziwe waraka. Barua ya sheha, mkataba wa kukodi fremu, wosia, ombi la kazi, mtihani wa madrasa, kadi ya harusi, utafiti wa mwanafunzi wa chuo kikuu cha SUZA ambaye hajalala na anataka kujalidi leo hii. Wateja humsifu karani kwa kasi ya vidole. Mimi kasi hainishangazi sana. Vijana wengi wanayo. Ninachokipenda ni kile kilichofanywa kabla ya vidole kugusa kibodi, yaani namna mashine yenyewe ilivyotengenezwa imfuate mwenyewe.

Fundi ninayemtazama zaidi ni mama wa makamo ambaye kila mtu, hata wazee wenye bakora, humwita Dada. Jina lake hatapenda nilitaje. Kompyuta mpya ikiingia dukani, mteja haruhusiwi kuigusa mpaka yeye amalize nayo, kama fundi cherehani anayejaribu mshono kwenye kipande cha kitambaa kibovu kabla ya kukata kanzu ya mtu.

Kazi ya kwanza ni karatasi. Word iliyowekwa kwa Kiingereza cha Marekani huanza na karatasi ya Letter, milimita 216 kwa 279. Karatasi iliyomo katika printa zetu ni A4, milimita 210 kwa 297. Kwa macho tofauti ni ndogo, lakini printa haina macho: itasimama, itawasha taa, itadai karatasi ambayo dukani haipo. Ukiilazimisha, maandishi yanapanda juu na chini pakabaki peupe. Dada hubadilisha ukubwa, hugeuza vipimo kutoka inchi kuwa sentimita, huongeza pambizo ya kushoto kwa ajili ya kujalidi, kisha hubonyeza kile kitufe kidogo ambacho wengi hawajawahi kukiona, cha kuyafanya hayo yote kuwa ya kudumu. Hapo programu huuliza kama mabadiliko yaingie katika kila waraka mpya. Swali hilo ndilo linalomtenga fundi na mpiga chapa tu. Mpigaji huogopa, akajibu hapana.

Kazi ya pili ni herufi na nafasi. Mpaka toleo la 2003, Word ilianza na Times New Roman ya 12, mistari imekaribiana, na barua zetu za ofisi zilizoea sura hiyo. Toleo la 2007 lilileta Calibri ya 11, nafasi ya mstari ikawa 1.15, na baada ya kila aya pakaongezwa pointi 10 za uwazi. Ukiandika makala utaziona nafasi hizo ni nzuri. Andika sasa anwani ya barua rasmi: jina la taasisi, S.L.P., Zanzibar, tarehe, Kumb. Nam., kila kimoja na mstari wake. Kila ukibonyeza Enter, programu inadhani umeanza aya mpya. Anwani inatanuka mpaka robo ya ukurasa, na saini ya mkurugenzi inasukumwa peke yake kwenye ukurasa wa pili. Nimewaona makarani wakipambana na jambo hilo kwa kupunguza ukubwa wa herufi, jambo ambalo ni kumkata mgonjwa kidole ili kiatu kimwenee. Dada huingia kwenye mtindo wenyewe wa aya ya kawaida, akazifuta zile pointi, akaweka fonti yake, akahifadhi. Yote hayo hukaa ndani ya faili moja liitwalo Normal.dotm, ambalo kila waraka mpya huzaliwa nalo. Nakala ya faili hilo anayo kwenye fleshi, na fleshi iko kwenye mkoba.

Kisha vitufe. Hapa ndipo ningependa msomaji akae kidogo, maana hapa wengi hukosea kwa kuzidisha. Mtu akigundua kwamba ule upau mdogo wa juu unaweza kuongezwa vitufe, huujaza mpaka unafanana na dirisha la duka la vipuri. Dada alipoanza na kompyuta ya sasa alipiga kazi siku nyingi bila ya kuongeza kitu, akiutazama mkono wake: unakwenda wapi mara kwa mara, unapotea wapi, unafungua orodha gani mara tatu kwa barua moja. Baadaye ndipo akaweka vitufe, navyo ni vichache. Cha kwanza ni kuhifadhi. Cha pili ni kubandika maandishi matupu, kwa sababu wateja wa siku hizi huleta maneno yaliyotoka WhatsApp au kwenye tovuti, na rangi zake, na mandhari yake ya kijivu, na fonti ambazo hazijulikani zimetoka wapi. Kitufe hicho hupokea maneno na kuyaacha mapambo mlangoni. Cha tatu huonesha alama zilizofichika, spesi na Enter na tabo, ili ajue mteja amefanya nini kwenye faili alilokuja nalo. Mara nyingi kichwa cha habari kimepelekwa katikati kwa spesi thelathini.

Mpangilio wa vitufe nao una maana. Ukishika Alt kisha ukabonyeza 1, kitufe cha kwanza kinafanya kazi; Alt na 2, cha pili; na kuendelea. Basi nafasi ya kitufe kwenye upau ni namba, na namba ni mwendo wa kidole. Dada haangalii upau kabisa. Anazungumza na mteja, anamwambia, "Baba, hapa umeandika shamba lina mipaka mitatu, upande wa bahari mbona hukuutaja?", na huku mkono wa kushoto umeshabandika, umesafisha, umehifadhi. Kijana wa duka aliwahi kuongeza kitufe cha kuchora vitu vya rangi. Dada alikitazama, akauliza, "Hiki umekibonyeza lini mara ya mwisho?" Kijana akakitoa mwenyewe.

Mistari myekundu ni habari nyingine. Word ikidhani unaandika Kiingereza, kila neno la Kiswahili hupigwa mstari chini, mpaka ukurasa mzima unaonekana umekosewa. Tiba rahisi ni kuzima ukaguzi. Tiba bora ni kuiambia programu kwamba hiki ni Kiswahili, kwa sababu hapo hata yale masahihisho ya Kiingereza yanayofanyika kimyakimya huacha kuyavamia maneno yetu. Nafungua mabano hapa: kwa miaka mingi Kiswahili kilichoorodheshwa ndani ya Windows kilikuwa kimoja tu, nacho kiliandikwa Kiswahili cha Kenya. Mji ambao lahaja yake ndiyo iliyochukuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu ulilazimika kuchagua Kenya ili uandike kwa amani. Dada haoni uchungu wowote. Anachagua, anaendelea. Aliyekuwa na uchungu ni mimi. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walijaribu njia nyingine kupitia mradi wa Kilinux, wakatoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu ya uandishi yenye menyu za Kiswahili. Ilikuwa kazi ya heshima, lakini makarani niwajuao wameshazoea kuijua menyu kwa mahali ilipo. Lugha iliyoandikwa juu yake hawaisomi.

Kuna na vifupisho. Programu huamini kwamba kila nukta ni mwisho wa sentensi, hivyo ukiandika "taz. kifungu" inakupandishia K. Vifupisho vya Kiingereza vimeshasamehewa kwenye orodha maalumu, vyetu havimo. Dada aliviingiza mwenyewe, taz., mf., na vinginevyo, kimoja kimoja, kila alipokutana nacho. Orodha hiyo ameijenga kwa miaka. Ndani yake mna kazi zote zilizopita dukani, za mahakama, za skuli, za vyama vya ushirika.

Unguja ina sharti moja ambalo miji mingi ya bara haina: waraka mmoja hubeba mielekeo miwili ya maandishi. Jambo hilo ni la zamani hapa. Katika karne ya 19 wamisionari wa UMCA, pamoja na Edward Steere aliyefika Unguja mwaka 1864, walichapa Kiswahili kwa herufi za Kirumi. Sultan Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, akaleta mtambo wa kuchapa Kiarabu. Kila mtambo ulidai seti yake ya herufi. Anayepanga herufi za risasi zilizohesabiwa kwa ajili ya Kiingereza hujikuta na e za kumwaga, huku a zimemwishia kabla ukurasa haujajaa. Naye alipaswa kulitengeneza upya sanduku lake la herufi, liendane na lugha iliyokuwa mbele yake.

Leo mitambo miwili imo ndani ya programu moja, ila mmoja umefichwa. Vitufe vya kugeuza mwelekeo wa aya, kulia kwenda kushoto, havionekani mpaka Kiarabu kiongezwe katika orodha ya lugha. Karani asiyelijua hilo huiandika aya ya Kiarabu, kisha akaisukuma upande wa kulia. Kwa mbali inaonekana sawa. Maalim wa madrasa akiikaribia anaona nukta ya mwisho imerukia mwanzo wa mstari na mabano yametazama upande usio wake. Dada ana vitufe vyote viwili vya mwelekeo kwenye upau wake. Ameweka fonti ya Kiarabu peke yake na ukubwa wake peke yake, kwa sababu Kiarabu cha 12 kando ya Kiswahili cha 12 huonekana kimedhoofu. Tarakimu nazo zinafuata muktadha: kwenye swali la Kiswahili 3, kwenye swali la Kiarabu ٣. Na ile alama ya kumswalia Mtume, ﷺ, hutokea akiandika herufi tatu zenye nukta-mkato mbele yake. Nukta-mkato ameiweka kusudi, ili herufi hizo zisije zikajigeuza mahali pasipohusika.

Kabla ya hayo yote alikuwepo katibu muhtasi na taipureta. Nakumbushwa naye kila ninapomwona Dada akiweka tabo, kwa sababu taipureta nayo ilikuwa na setingi: vizuizi vya pambizo kushoto na kulia, vituo vya tabo, kengele ya kuonya kwamba mstari unakwisha. Kuweka kichwa katikati ulikwenda katikati ya karatasi, ukarudi nyuma hatua moja kwa kila herufi mbili. Waliopita mikononi mwa makatibu hao hawaweki spesi thelathini.

Setingi moja imetokana na kisiwa chenyewe. Umeme wa Unguja huja kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka bara. Desemba 2009 njia hiyo ilikatika, na kisiwa kikakaa kiasi cha miezi mitatu, hadi Machi 2010, kwa majenereta na mishumaa. Aliyekuwa akifanya kazi ya kompyuta wakati ule hahitaji kuhadithiwa. Word huhifadhi nakala ya dharura kila baada ya dakika 10, isipokuwa uiambie vingine. Dada ameiambia dakika moja. Dakika 10 kwa mkono wake ni ukurasa mzima wa hati ya kiapo, na mteja ameshaondoka na rasimu yake.

Toleo la 2007 lilipoondoa menyu za zamani na kuleta ule utepe mpana, mafundi wengi walipoteza mpangilio wa miaka. Dada alijifunza kutokana na hilo kwamba kilichotengenezwa lazima kiweze kubebwa. Siku hizi mpangilio wa vitufe hutolewa kama faili dogo, ukapelekwa kwenye mashine nyingine, ukaingizwa. Ilipokuja fonti ya Aptos kuchukua nafasi ya Calibri, yeye hakuiona ila kwenye kompyuta za wengine.

Jambo moja setingi haziwezi. Waraka ukishafunguliwa kwenye simu ya mteja, fonti hubadilika, mistari huhama, na lawama hurudi steshenari. Kwa hiyo kinachotoka dukani kwenda WhatsApp hutoka kama PDF. Faili la Word hubaki kwenye kompyuta, ndani ya folda la mwezi huo, na anayelitaka hupewa akija na fleshi yake, baada ya fleshi kukaguliwa virusi.