Kulibembeleza Jua la Utosi

Upigaji wa picha za watu nje ya studio ni ufundi unaoanza kwa kulijua jua, kwa kuwa jua ndilo taa kubwa kuliko zote na ndilo taa pekee isiyokubali kusogezwa. Zanzibar, iliyoko takriban digrii 6 kusini mwa ikweta, hupata jua la utosi mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba, na saa hiyo ya adhuhuri paji la uso hung'aa, macho huzama gizani, nayo pua huangusha kivuli juu ya mdomo. Kungoja alasiri ni busara, lakini bwana harusi aliyekwisha kuvaa joho na mvuvi anayeshusha samaki hawangoji, na hapo ndipo thamani ya fundi inapoonekana.

Kifaa chake cha kwanza ni kiakisi, ambacho mafundi wengi hukiita rifleta, yaani kitambaa au ubao unaopokea mwanga wa jua na kuurudisha usoni. Cheupe hurudisha mwanga mpole, cha rangi ya fedha hurudisha mwanga mwingi na mkali zaidi, na cha dhahabu huleta wekundu wa machweo, ingawa kikizidi humfanya mtu afanane na sanamu ya shaba. Uzuri wa kiakisi ni kwamba fundi huyaona matokeo kabla ya kubonyeza kamera, na ubaya wake ni kwamba kikiwekwa chini mno huuangaza uso kutoka kidevuni, kinyume cha mazoea ya macho. Ukuta uliopakwa chokaa, mchanga mweupe na hata kanzu ni viakisi visivyonunuliwa, ndiyo maana mtu aliyeketi barazani kivulini, akielekea ukuta unaopigwa na jua upande wa pili wa njia, hupata mwanga ambao studio nyingi huutafuta kwa gharama.

Kifaa cha pili ni flashi, taa inayomweka mara moja na kuzimika. Wapiga picha wa zamani walichoma unga wa magnesi uliojaza moshi, na miaka ya 1930 Harold Edgerton wa Chuo cha MIT, Marekani, aliiendeleza flashi ya umeme. Kwa kuwa mweko wake mara nyingi hudumu chini ya 1/1000 ya sekunde, picha ya mchana yenye flashi ni picha mbili katika fremu moja: ya mandhari, iliyochorwa na jua, na ya uso, iliyochorwa na flashi. Tundu la lenzi huzitawala zote mbili, lakini shata, yaani pazia linalopima muda wa mwanga kuingia, huitawala ile ya jua peke yake, hivyo fundi akiliharakisha huitia anga weusi bila kuugusa mwanga wa flashi usoni, mradi asivuke kikomo cha kamera, ambacho kwa nyingi ni 1/200 au 1/250 ya sekunde. Umbali nao una sheria yake, kwani flashi iliyohamishwa kutoka mita 1 hadi mita 2 hubakiwa na robo tu ya nguvu yake.

Ngozi nyeusi ndiyo inayompima fundi kwa haki. Kwa miaka mingi rangi za filamu za Kodak zilisahihishwa kwa kadi zilizoitwa Shirley, zenye picha ya mwanamke mzungu, na nyuso nyeusi mara nyingi zilitoka zikiwa giza lisilo na umbo. Kuongeza nguvu ya flashi tupu hakukuwa dawa, kwa sababu taa ndogo huacha doa jeupe linalometa juu ya ngozi, ilhali taa pana, kama flashi iliyoelekezwa ndani ya mwavuli mweupe na kuwekwa ubavuni karibu na mtu, hutandaza mng'ao taratibu na kuonyesha mifupa ya shavu.

Sifa ya ufundi huu, basi, haimo katika wingi wa taa. Picha ambayo mtazamaji anaisifia flashi yake imeshindwa, na ile ambayo anamtambua mtu, akaona pia macho ya mtu huyo yanatazama wapi, imefaulu.