Bunduki ya Marisau kwa Mfuko wa Kawaida: Tazama Chuma Kabla ya Nakshi

Ukiingia duka la silaha, bunduki inayokuita kwanza ndiyo yenye nakshi nyingi. Ubavuni mwake kuna bata watatu wa rangi ya dhahabu wanaoruka kutoka kwenye matete, kitako kimeng'arishwa mpaka unaiona sura yako, na bei ni nafuu kuliko ya ile nyeusi, kavu, isiyo na hata ua moja, iliyoegemezwa pembeni. Bata hao wamechorwa kwa leza, tena kwa muda mfupi sana, na hawatakusaidia lolote kanga akishainuka. Mwenye fedha za kuhesabu azipeleke mahali pawili: kwenye mitutu, na kwenye kufuli inayoibana mitutu hiyo bunduki ikifungwa. Karibu mengine yote yanarekebishika kwa fundi bila kukufilisi.

Namwandikia mtu anayetaka bunduki moja imtoshe kwa kwale, kanga na njiwa msimu ukifunguliwa, na kwa visahani vya udongo siku nyingine. Tanzania mtu huyo ana nafasi yake kisheria, akiwa na leseni ya silaha chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kibali cha uwindaji ambacho ni karatasi nyingine kabisa. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kwa hiyo msomaji wa huko ayachukue haya kwa ajili ya visahani. Kokote uliko, karatasi zitangulie, na muuzaji anayekwambia zitafuata baadaye muage hapo hapo.

Geji isikusumbue: chukua 12. Namba hiyo ni ya kale, inatokana na idadi ya gololi za risasi zenye upana wa mtutu ambazo kwa pamoja zina uzito wa ratili moja. Ndiyo maana namba ikipanda, tundu linapungua: geji 12 ni kama milimita 18.5, geji 20 ni kama 15.6. Maganda ya 12 ndiyo yanayopatikana kirahisi, tena kuanzia yale mepesi ya gramu 24, ambacho ndicho kiwango cha juu kinachoruhusiwa kwenye visahani vya Olimpiki, mpaka ya gramu 36 na zaidi. Geji 20 ni tamu kwa mtu anayetembea kutwa akiwasaka kwale, lakini ina hatari yake. Ganda lake likiangukia ndani ya bunduki ya 12 hupita chemba na kukwama mbele, macho yakaona chemba tupu, mkono ukaweka ganda la 12 nyuma yake. Mtutu hupasuka. Ndiyo sababu maganda ya 20 hutengenezwa ya rangi ya njano, na ndiyo sababu sipendi geji mbili katika kabati moja. Ile nyembamba ya .410, ambayo watu huwanunulia wanaoanza kwa kuwa ni nyepesi, ina marisau machache mno, waachie mabingwa.

Kuhusu aina sitakawia. Shotigani za pampu kama Remington 870, iliyopo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950, na Mossberg 500 ya mwaka 1961, ni za bei nafuu, ni imara, na haziringi. Udhaifu wake ni kwamba jirani yako kwenye uwanja wa visahani hawezi kujua kwa kutazama kama ni tupu, na kwa visahani viwili vinavyorushwa pamoja mkono wako utakuwa na kazi ya ziada. Zinazojipakia zenyewe kwa gesi hupunguza teke begani, ila zinataka kusafishwa, na mwenye uvivu huo ataumbuka. Kwa kazi zote mbili chaguo langu ni ya mitutu miwili, mmoja juu ya mwingine, iliyokwisha kutumika. Ukiikunja, kila mtu anaona ni tupu. Ikikaa kabatini miaka 20 bila kufyatuliwa, haizeeki.

Majina yana uzito wake, ila si uzito ambao watu wengi hudhani. Beretta wa Gardone Val Trompia, Italia, wanafua mitutu tangu 1526, na zile za mfululizo wa 680 zikiwa zimetumika ni mali inayouzika tena. John Browning alifariki mwaka 1926 akiwa kiwandani Ubelgiji, bunduki yake ya mitutu ya juu na chini ikiwa haijaingia sokoni. Mwanawe Val akaikamilisha. Leo nyingi zenye jina la Browning hutengenezwa Japani na Miroku. Miroku huuza pia kwa jina lake mwenyewe, mara nyingi kwa bei ya chini kidogo, na hapo ndipo mnunuzi mwerevu hutabasamu. Baikal IZH-27 kutoka Izhevsk, Urusi, ni nzito, sura yake ya kijeshi, mbao zake kama za sanduku, lakini inafunga barabara na mitutu yake ni ya chuma kinene. Za Uturuki, ambazo nyingi hutoka mji wa Huğlu na jirani zake katika mkoa wa Konya, zinahitaji jicho kali zaidi. Humo mna nzuri kweli na mna za kukukimbiza, na karakana moja huweza kuuza kazi yake kwa majina kadhaa ya waagizaji. Jina la ubavuni halikwambii mengi. Lazima uishike.

Basi ishike. Ifungue kwanza, uhakikishe kwa macho na kwa kidole kwamba chemba ni tupu, kisha omba ruhusa ya kuitenganisha. Muuzaji wa haki atakusaidia.

Chukua mitutu peke yake, uielekeze dirishani, utazame ndani kutoka kila upande. Utaona pete za mwanga zikifuatana. Zikiwa duara kamili mpaka mwisho, mtutu ni mzima. Pete ikikatika au ikijikunja, hapo pana kitu. Pitisha vidole nje mahali hapo hapo. Kikiwa kibonyeo, fundi hukiinua. Kikiwa kivimbe, chuma kimekwisha kuvutwa na nguvu ya ndani na hakirudi. Rudisha bunduki rafuni hata kama bei imekulainisha. Vishimo vya kutu karibu na chemba ni vibaya kuliko vilivyo katikati, na tundu linalong'aa kupita kiasi katika bunduki kongwe lina maswali yake: huenda kutu ilikwanguliwa pamoja na chuma chenyewe. Mafundi wana kipimo cha unene wa ukuta wa mtutu. Ukikaribia nusu milimita, mtaalamu anaanza kukunja uso.

Kisha ining'inize mitutu kwenye kidole kwa ule ulimi wa chini, uigonge taratibu kwa fundo la kidole kingine. Iliyoungwa vizuri hutoa mlio mrefu, safi. Ikijibu kwa sauti iliyokufa au yenye mkwaruzo, risasi ya kulehemu imeachia kati ya mitutu na ukanda wake, na ndani ya uwazi huo unyevu umekuwa ukila chuma kimyakimya. Pwani yetu, yenye hewa ya chumvi, jambo hili si la kupuuza. Kuulehemu upya ukanda kunawezekana, lakini ni kazi ghali isiyo ya kila fundi.

Sasa kufuli. Irudishe mitutu lakini kipande cha mbao cha mbele kiache mezani, maana kikiwepo springi zake huficha ulegevu. Ifunge, ishike shingoni, uitikise kwa mapigo mafupi. Usisikie kitu. Itazame kwenye mwanga pale mitutu inapokutana na uso wa kufuli: ukiona mstari wa nuru, imelegea. Tazama na wenzo wa kufungulia. Katika bunduki nyingi mpya hukaa kulia kidogo ya katikati, na kadiri inavyochakaa huhamia kushoto. Ukiwa bado kulia, bunduki ina maisha mengi mbele yake. Ukiwa umevuka upande wa pili, utahitaji komeo jipya, jambo la kawaida kwa Beretta na Browning kwa kuwa vipuri vipo. Kwa jina lisilojulikana utachongewa kwa tupa. Chunguza pia kama kuna alama za nyundo kwenye ndimi za chini. Wapo wanaozigonga ili chuma kitanuke kidogo, bunduki ikaze siku ya kuuzwa na kulegea mwezi wa pili.

Chini ya mitutu soma mihuri. Bunduki za Ulaya hupimwa kwa baruti ya nguvu kupita kawaida kabla ya kuuzwa, na ofisi za upimaji kama ile ya Birmingham, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1813, na za Liège, Eibar na Gardone hupiga chapa zao. Marekani haina ofisi ya serikali ya kazi hiyo, viwanda hujipimia, kwa hiyo kukosekana kwa muhuri kwenye Remington si kasoro. Kwenye bunduki ya Kihispania au Kibelgiji ni kasoro kubwa. Hapo hapo utakuta urefu wa chemba kwa milimita: 65, 70 au 76. Usiudharau. Urefu wa ganda hupimwa likiwa limekwisha kufunguka, kwa hiyo ganda la 70 huingia bila ubishi kwenye chemba ya 65, halafu likifyatuliwa mdomo wake hukosa nafasi ya kufunguka na mkandamizo hupanda. Bunduki nyingi nzuri za kizee za mitutu ubavu kwa ubavu ni za 65. Inunue ukitaka, ila ujue utakachoilisha.

Triga zijaribiwe na maganda bandia. Bunduki nyingi zenye triga moja hutegemea teke la risasi ya kwanza ili kuhamia mtutu wa pili. Dukani hakuna teke, ukivuta mara ya pili haitafyatua, na watu wameacha bunduki njema wakidhani ni mbovu. Gonga kitako kwa kiganja, uvute tena. Jaribio la usalama ndilo la lazima: tega, weka sefti, vuta triga kwa nguvu, iachie, kisha ondoa sefti bila kugusa triga. Ikifyatuka yenyewe, mazungumzo yameisha. Na hata ikifaulu, kumbuka kwamba sefti ya nyingi kati ya hizi huzuia triga tu, nyundo za ndani haizishiki. Bunduki ibaki imekunjwa mpaka wakati wa kulenga.

Mbao: usitazame mawimbi ya rangi, tazama shingo. Nyuzi zipite humo zikiwa zimenyooka. Nyufa za nywele nyuma ya chuma, au mbao nyeusi iliyolainika kwa mafuta ya miaka mingi, hupunguza bei kwa haki. Skrubu zilizokwanguka vichwa zinakwambia kuna mtu aliingia humo na bisibisi ya jikoni.

Bunduki hupimwa mwilini kama kanzu. Funga macho, ipandishe begani kama unavyofanya kila siku, yafumbue. Jicho liwe juu ya ukanda, lione kidoto cha mbele na sehemu ndogo ya ukanda wenyewe. Ukiona nyuma ya kufuli tu, kitako kiko chini mno; ukiona ukanda wote kama barabara, kiko juu, na risasi itapita juu pia. Kitako hukatwa au huongezwa mpira kwa gharama ndogo, hivyo urefu usikukatishe tamaa. Uzito ndio wa kuamua mwanzoni: kilo 3.2 hivi hubebeka porini na bado haikuumizi kwenye visahani 25. Ya kilo 3.7 ni ya uwanjani. Mitutu ya sentimita 71 inatosha kwa yote mawili, ingawa vijana wa visahani siku hizi hawataki kusikia chini ya 76.

Choki, yaani ule mbano wa mdomoni mwa mtutu, zikiwa za kufungulia kwa skrubu ni faida, mradi zinatoka. Zilizogandishwa na kutu ni hasara mbili. Zisizobadilika, robo na nusu, zitakufaa kwa karibu kila kitu. Choki kamili za zamani ni za nini kwa kwale wa mita 20? Humsaga. Usipitishe marisau ya chuma kigumu kwenye choki hizo pia.

Jaribio la mwisho ni la karatasi, na lifanyike kabla fedha hazijahama. Mita 36 hivi, duara la sentimita 76: choki nusu itie humo karibu asilimia 60 ya marisau, kamili 70. Tumia maganda utakayotumia kweli, na usome ukubwa wa punje kwa milimita, maana namba 7 ya Mwingereza si namba 7 ya Mmarekani. Lakini asilimia siyo jambo kubwa. Piga mtutu wa kwanza kwenye karatasi moja, wa pili kwenye nyingine, kila mmoja mara kadhaa, ukiwa umeegemea. Mafungu mawili yakiangukia mahali pamoja, lipa. Ikiwa mmoja unapiga futi moja kushoto kwa mwenzake, mitutu iliungwa vibaya tangu kiwandani, na kuifungua iungwe upya kutakula fedha zaidi ya ulizookoa.