Kabla ya Kununua Sensa ya Oksijeni

Taa ya injini ikiwaka na mashine ya kupimia ikaonyesha P0171, mafundi wengi huwa na jibu tayari: sensa ya oksijeni imekufa, nunua nyingine. Unanunua, taa inazimwa, na baada ya siku chache inawaka tena. Msimbo huo haujataja kifaa kibovu. Unasema tu kwamba injini inaunguza hewa nyingi na petroli kidogo, na mara nyingi sensa iliyotoa taarifa hiyo ni nzima.

Injini ya petroli inahitaji takriban kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo 1 ya petroli. Sensa ikikuta oksijeni nyingi imebaki kwenye ekzosi, kompyuta huziacha nozeli wazi kwa muda mrefu zaidi. Nyongeza hiyo husomwa kwa asilimia, ya papo hapo na ya muda mrefu, na fundi huzijumlisha. Ikicheza kati ya -10 na +10, gari halina neno. Ikipanda hadi karibu +25 na kung'ang'ania huko, taa huwaka.

Tuseme Toyota IST yenye injini ya 1NZ-FE inatetemeka kwenye foleni, lakini ikishika barabara inakwenda vizuri. Fundi anaunganisha mashine na kuiacha injini ingurume bila kukanyaga mafuta: jumla ni +24. Anapandisha hadi mizunguko 2,500 kwa dakika: inashuka hadi +4. Hapo jibu limeshaanza kujitokeza. Kuna hewa inayopenya baada ya sensa ya kupima hewa, kwa hiyo kompyuta haiihesabu. Injini ikiwa chini huvuta hewa kidogo, na hiyo ya pembeni inakuwa sehemu kubwa; ikipanda, inamezwa. Kama namba zingekuwa zinapanda kadiri gari linavyobeba mzigo, tungeshuku pampu dhaifu, chujio la petroli lililoziba, au sensa ya hewa iliyoshika vumbi.

Sasa anatafuta tundu. Anauminya kwa koleo mpira unaotoka kwenye kifuniko cha valvu, karibu kabisa na unapoingia manifoldi, macho yakiwa kwenye skrini. Namba ya papo hapo inaporomoka palepale. Anauchomoa mpira na kuukunja: juu ni mzima, ila chini kwenye kona, mahali ambapo jicho halifiki, ufa unafunguka. Joto limeukausha. Kazi hii haikuhitaji mashine ya bei kubwa. Mpira usipokuwa na kosa, apulize moshi ndani ya manifoldi aone unapotokea. Kunyunyizia petroli juu ya injini ya moto, kama wengine wanavyofanya, ni kuchezea maisha ya watu.

Sensa nayo huweza kupotoshwa. Ekzosi ikiwa na ufa kabla ya sensa, hewa ya nje huingia. Plagi isipochoma, oksijeni hupita bila kutumika. Vyote viwili vikaguliwe mapema.

Ndugu msomaji, siku taa itakapowaka, mwombe fundi akuonyeshe asilimia hizo injini ikiwa chini na ikiwa kwenye mizunguko 2,500. Asipoweza kukuonyesha, usinunue kifaa chochote.