Butiama na Mashimo ya Buhemba: Urithi ni wa Nani?

Vikundi vya wanafunzi na viongozi vinavyotoka Kitaji, mjini Musoma, kwenda Butiama huwa na shabaha moja: Makumbusho ya Mwalimu Nyerere, yaliyofunguliwa mwaka 1999, na kaburi lake pale Mwitongo. Hilo ni jema. Zawadi alizopewa Mwalimu zimewekwa pale zionwe na wananchi wote. Jambo hilo peke yake ni somo la maadili ya uongozi.

Tunachokikosoa ni namna yetu ya kuzuru. Wageni hutazama, husaini kitabu, hupiga picha, kisha hurudi. Lakini katika wilaya hiyo hiyo kuna Buhemba na Kiabakari, ambako dhahabu ilichimbwa wakati wa ukoloni. Ni makada wachache wanaofika huko kujifunza.

Historia haitengenezwi na viongozi peke yao. Mkoloni alidai kodi kwa fedha taslimu, na asiyekuwa na fedha ilimlazimu auze nguvu zake. Ndivyo mkulima alivyogeuzwa kibarua, akavunja mwamba kwa ujira mdogo, na utajiri ukaenda ng'ambo. Sisi tukabakiwa na mashimo. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipoyataja madini miongoni mwa njia kuu za uchumi, halikuzuka hewani. Anayeiona Butiama bila kuiona Buhemba amesoma jibu bila kulijua swali.

Wala swali hilo halijafungwa. Katika miaka ya 2000 kampuni ya Meremeta ilichimba Buhemba, na mambo yake yakahojiwa Bungeni. Wachimbaji wadogo nao wametafuta riziki yao huko kwa sururu na zebaki, sumu inayoingia majini na mwilini. Kada anayehubiri kujitegemea hana budi kuuliza: nani anamiliki shimo, nani anapata faida, nani anaugua?

Kwa hiyo tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, kila ziara ya mafunzo ya Butiama iwe na siku ya pili, migodini. Pili, wanafunzi wayaandike masimulizi ya wazee waliofanya kazi huko, au ya watoto wao, kabla hayajapotea, na nakala ziwekwe mahali ambapo wananchi watazisoma. Kazi hiyo haihitaji mfadhili. Yatosha daftari, kalamu na nia. Urithi usiowataja wavuja jasho ni nusu ya urithi.