Joto si Halijoto: Tahakiki ya Kijitabu Chetu cha Istilahi za Kemia

Katika makala haya tunakusudia kuhakiki kijitabu cha istilahi za kemia ambacho tumekuwa tukiwagawia wanafunzi wa somo la Istilahi na Tafsiri. Si desturi ya kurasa hizi kuhakiki kazi za wenyeji. Aghalabu tunahakiki riwaya na diwani za waandishi walio mbali, ambao hatutakutana nao kesho yake mlangoni. Hata hivyo, wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa tunaouzungumzia umo nyumbani mwetu. Kijitabu hicho tulishiriki kukiandaa, kwa hiyo lawama zilizomo humu zinatuangukia sisi kwanza.

Chanzo cha makala haya ni alama mbili. Katika mtihani wa muhula uliopita tuliuliza kipimajoto hupima nini. Jibu tulilolitarajia, kama lilivyo kijitabuni, lilikuwa "joto". Mwanafunzi mmoja, ambaye somo lake kuu ni kemia na huja kwetu kwa somo la hiari, aliandika "halijoto". Tukamkata alama. Alipofika ofisini alisema kwa adabu, "Mwalimu, naomba kuuliza. Nikiwa na kikombe cha chai ya moto na pipa la maji ya vuguvugu, kipi kimetumia kuni nyingi zaidi?" Tukajibu kwamba ni pipa, bila shaka. "Na kipimajoto kitaonyesha namba kubwa zaidi kwenye kipi?" Kwenye chai. "Basi, Mwalimu, kinapima nini?"

Tulinyamaza. Alama zake tulizirudisha siku ileile, lakini swali lake halikuondoka pamoja naye. Kuuliza si ujinga; ujinga ulikuwa wetu sisi tuliosahihisha.

Joto na Halijoto

Kijitabu chetu kinayaorodhesha maneno haya mawili mstari mmoja, kikiyatenganisha kwa mkwaju, kana kwamba ni visawe. Hapa ndipo kosa kubwa lilipo. Halijoto ni hali ya kitu: kiwango cha umoto au ubaridi wake, ambacho tunakisoma kwenye kipimajoto kwa nyuzi. Joto ni nishati inayohama kutoka kwenye kitu chenye halijoto ya juu kwenda kwenye kitu chenye halijoto ya chini, nayo hupimwa kwa jouli.

Turudi kwenye pipa la mwanafunzi wetu. Kuongeza halijoto ya gramu moja ya maji kwa nyuzi moja ya selsiasi kunahitaji takriban jouli 4.2. Pipa la lita 200 likitolewa nyuzi 20 hadi nyuzi 40 linahitaji kilojouli 16,800 hivi. Kikombe cha robo lita kikitolewa nyuzi 20 hadi nyuzi 90 kinahitaji kilojouli 74 tu. Pipa limepokea joto zaidi ya mara 200 kuliko kikombe, na bado kikombe ndicho kitakachokuunguza ulimi. Mwenye kuyachukulia maneno haya mawili kuwa visawe hawezi kuielezea habari hii kwa Kiswahili, hata awe fasaha kiasi gani.

Kuna jambo la pili, nalo ni gumu zaidi. Katika maongezi ya kila siku tunasema chai "ina joto". Wanasayansi hawasemi hivyo. Kwao, kilichomo ndani ya chai ni nishati ya ndani, na huitwa joto pale tu inapohama kwa sababu ya tofauti ya halijoto. Wanafunzi wetu wa hapa Rwanda wanaweza kulielewa hili kupitia ng'ombe wa mahari. Ng'ombe anapotoka boma la bwana harusi kwenda boma la wakwe anaitwa mahari. Akishaingia zizini na kuchanganyika na wenzake ni ng'ombe tu. Hakuna atakayehesabu zizi na kusema lina mahari saba. Mahari ni jina la mwendo wake baina ya nyumba mbili. Joto nalo ni vivyo hivyo.

Baridi Haitoki Popote

Sehemu ya tatu ya kijitabu inaeleza mimenyuko ya kikemia. Inasema ipo mimenyuko "inayotoa joto" na mimenyuko "inayotoa baridi". Usemi wa kwanza ni sahihi. Aliyewahi kumwagia maji chokaa ambayo haijazimwa anajua jinsi inavyofoka na kupata moto. Huo ni mmenyuko unaotoa joto. Usemi wa pili ni wa kufutwa. Baridi si kitu kinachotolewa, kinachoingia wala kinachopita chini ya mlango. Kinachosafiri ni joto peke yake, na baridi ni jina tunalolipa tukio la joto kutuondoka.

Mkulima akimimina mbolea ya urea kwenye ndoo ya maji na kukoroga, ndoo hupoa mkononi mwake. Urea haikuleta baridi. Inapochanganyika na maji inafyonza nishati, na nishati hiyo inatoka kwenye maji, kwenye ndoo na kwenye kiganja chake. Kwa hiyo Kiswahili sahihi cha somo hili ni "unaofyonza joto".

Hatusemi kwamba bibi anayemwambia mjukuu afunge mlango baridi isiingie amekosea lugha. Hiyo ni lugha yake na yetu, na ni nzuri. Tunasema tu kwamba mwalimu aingiapo darasa la kemia anavaa lugha nyingine, kama vile hakimu anapoingia mahakamani.

Kuyeyuka na Kumumunyuka

Kijitabu kina sentensi hii: "Sukari huyeyuka katika chai kama barafu iyeyukavyo juani." Mwandishi aliipenda tashbihi yake, na hatumlaumu, kwani sote tunasema sukari imeyeyuka. Kwa mwanakemia haya ni mambo mawili tofauti. Barafu inayeyuka: ni kitu kimoja, maji, kinachotoka katika hali ya yabisi kwenda hali ya kimiminika kwa kupokea joto. Sukari inamumunyuka: molekuli zake zinatawanyika miongoni mwa molekuli za maji, na vitu viwili vinakuwa mchanganyiko mmoja. Sukari nayo inaweza kuyeyuka, lakini hiyo ni ile iliyowekwa peke yake kwenye kikaango juu ya moto.

Kiswahili kina vitenzi vyote viwili, na kila kimoja kina kazi yake. Kijitabu kimekitupa kimoja na kukibebesha cha pili mzigo wa viwili.

Maji ya Pwani na Maji ya Kigali

"Maji huchemka kwa nyuzi 100." Sentensi hii kila mwanafunzi anaikariri, na kijitabu chetu kimeinakili bila kuongeza neno. Ni kweli kando ya bahari. Tulipokuwa Dar es Salaam kwa masomo ya uzamili tulishangaa kuona maharage yakiiva upesi kuliko nyumbani, tukadhani ni aina ya mbegu. Huenda mbegu ilichangia, lakini sababu nyingine ilikuwa juu ya vichwa vyetu: hewa. Maji huchemka pale msukumo wa mvuke wake unapolingana na kanieneo ya hewa iliyo juu yake. Kadiri tunavyopanda mlima, hewa hiyo hupungua, na maji huchemka mapema. Kigali iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na maji yake huchemka karibu nyuzi 95. Sufuria inatokota, mvuke unapaa, lakini maharage yanapikwa kwa halijoto ya chini kuliko ya pwani, hivyo yanachukua muda mrefu zaidi.

Sentensi hiyo ilipaswa kuongezewa maneno machache tu: "katika kanieneo ya hewa ya usawa wa bahari." Bila maneno hayo tunamfundisha mtoto wa Kigali jambo ambalo sufuria ya mama yake inalikanusha kila jioni.

Papo hapo jikoni kuna somo jingine ambalo kijitabu hakikuligusa. Maji yakishaanza kuchemka, ukiongeza mkaa halijoto haipandi tena. Joto linaendelea kuingia, lakini linatumika kuyageuza maji kuwa mvuke. Gramu moja ya maji ikitoka nyuzi 0 hadi nyuzi 100 inahitaji jouli 420 hivi; kuigeuza yote iwe mvuke kunahitaji jouli 2,260 hivi, yaani zaidi ya mara tano. Ndiyo maana mvuke wa sufuria huunguza vibaya kuliko maji yanayochemka: unapogusa ngozi na kurudi kuwa maji, unaiachia ngozi nishati hiyo yote. Mpishi anayeongeza mkaa chini ya sufuria inayotokota bila mfuniko, akitumaini maharage yataiva haraka, anachoma fedha. Somo hili linahitaji maneno mawili, joto na halijoto, kila moja likiwa mahali pake.

Je, Upungufu ni wa Lugha?

Wapo watakaosema, "Tuliwaambia: Kiswahili hakifai kwa sayansi." Tunawapinga. Kinyarwanda chetu kinatumia neno ubushyuhe kwa dhana zote mbili, na wanafunzi wanakuja darasani na neno hilo moja. Kiswahili kinawapa mawili. Zaidi ya hayo, neno halijoto linajieleza lenyewe kwa muundo wake: ni hali. Mwalimu mwenye busara anaweza kuanza somo lote hapo, kwa kulivunja neno ubaoni na kuwauliza wanafunzi kwa nini limeanza na "hali".

Isitoshe, lugha za Ulaya hazikuzaliwa na tofauti hii. Wasomi wa huko waliuchanganya umoto na nishati inayohama kwa muda mrefu. Ilikuwa katika miaka ya 1760 ambapo Joseph Black, aliyekuwa akifundisha Glasgow, alionyesha kwamba barafu inayoyeyuka hupokea joto jingi bila halijoto yake kupanda, na hivyo kulazimisha dhana hizo mbili zitenganishwe. Hata mwaka 1789 Lavoisier, baba wa kemia ya kisasa, aliliorodhesha joto miongoni mwa elementi, pamoja na oksijeni na hidrojeni. Naye Clausius alipohitaji neno la dhana mpya mwaka 1865, alikwenda kwenye Kigiriki akaunda entropi. Hakuna aliyemcheka kwamba Kijerumani chake ni maskini. Nasi tukisema entropi hatuna sababu ya kuona haya.

Kwa upande wetu msingi umekwisha kujengwa. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Kazi ya kuunda maneno imefanywa kwa miaka mingi, na inaendelea. Kosa la kijitabu chetu ni kuyachukua maneno na kuziacha dhana. Tuliandaa safu mbili, za lugha mbili, tukawaambia wanafunzi wakariri. Hatukumwita mwalimu wa kemia hata mara moja, ilhali anafundisha jengo la jirani.

Baadhi ya wenzetu wanapendekeza kwamba basi hata neno kipimajoto lifutwe, na nyuzijoto pia, kwa kuwa yana "joto" ndani yake. Hapo tunaona ni kupita kiasi. Neno themomita nalo linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya umoto, na linatumika bila kumpoteza mtu. Jina la kifaa halilazimiki kuwa fasili yake. Kinachotakiwa ni mwalimu ajue kwamba kipimajoto hupima halijoto, na asimkate alama anayejua.

Hitimisho

Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda, na kila tarehe 7 Julai tunasimama majukwaani kuitetea. Utetezi huo utapimwa darasani. Mwanafunzi wa kemia akitoka kwetu akiwa amechanganyikiwa kuliko alivyoingia, ataamini kwamba lugha ndiyo iliyomchanganya, naye atawaambia wenzake hivyo maisha yake yote.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kijitabu kiondolewe mikononi mwa wanafunzi hadi kitakaposahihishwa. Pili, kila istilahi iandikiwe fasili na sentensi moja ya mfano kutoka jikoni, shambani au karakana, na fasili hiyo isomwe na mwalimu wa kemia kabla ya kuchapwa. Tatu, karatasi za mtihani uliopita zipitiwe upya, kwani huenda yule aliyefika ofisini si peke yake aliyeandika "halijoto". Wengine huenda waliona kosa letu, wakanyamaza kwa heshima.

Hao nao wana alama zao kwetu. Tuwarudishie.