Ndevu za Miti: Namna ya Kuandaa Ndiyo Inayoamua Dawa

Ukisimama Kasenga, hapa Uvira, ziwa liko mashariki na milima inakuelemea upande wa magharibi. Mwambao huu wa Tanganyika uko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, nako ni joto. Panda kuelekea Itombwe, ambako vilele vinavuka mita 3,000, uikute misitu yenye ukungu. Huko ndiko huning'inia matawini ndevu za rangi ya kijani na kijivu ambazo wataalamu huziita Usnea. Hazina mizizi wala majani. Ni likeni, yaani kuvu na mwani vilivyoungana vikaishi kama kiumbe kimoja.

Kuitambua ni rahisi. Lowanisha uzi mmoja, uvute taratibu kwa vidole: gamba litakatika, na ndani itaonekana kamba nyeupe inayovutika kama mpira.

Nguvu ya dawa imo kwenye gamba, katika asidi ya usniki, ambayo Mjerumani Wilhelm Knop aliitenga mwaka 1844. Katika maabara huzuia bakteria aina ya Staphylococcus, wale wanaotungisha usaha vidondani.

Shida huanzia kwenye sufuria. Asidi hii karibu haiyeyuki kabisa kwenye maji. Anayechemsha ndevu hizi kutibu kikohozi hupata utelezi wa kulainisha koo, lakini asidi nyingi hubaki kwenye makapi. Pombe kali na mafuta huitoa vizuri zaidi, ndiyo maana huandaliwa hivyo kwa ajili ya kupaka.

Marekani walipita njia nyingine. Asidi iligeuzwa chumvi ya sodiamu, ikatiwa kwenye LipoKinetix, vidonge vya kupunguza unene. Hesabu yao ilikuwa hii: asidi ya usniki huifanya seli ipoteze nishati kama joto badala ya kuiweka akiba, hivyo mafuta ya mwili huungua. Lakini ini liliungua pamoja nayo. Novemba 2001 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo, FDA, ilionya watu waache kuvitumia, kwani baadhi ya watumiaji walikuwa wameumia ini, wengine hadi likashindwa kufanya kazi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ndevu hizi ni za kupaka, si za kumeza. Na ukizifuata mlimani, okota zilizoangushwa na upepo; zile zilizo juu ya mti hukua polepole.