Namna ya Kumpima Kocha Aliyekuwa Mchezaji

Jioni uwanjani Kilindoni, kisiwani Mafia, kocha husifiwa kwa mabao aliyofunga enzi zake. Hayo yalikuwa ya mchezaji. Kocha ana vipimo vyake.

Anza pale timu inapopoteza mpira. Wakiwa wamefundishwa, aliye karibu anakaba papo hapo na wenzake wanaziba katikati bila kupigiwa kelele. Wakisimama kulaumiana, jua mazoezi yao ni mbio tu za kuzunguka uwanja.

Kisha tazama upepo wa kusi ukivuma. Timu ya hivi hivi hubutua, mpira ukawarudia. Iliyofundwa hucheza chini: kipa anampa beki wa pembeni, kiungo anashuka kupokea akiwa ameshageuza bega, nusu ya mwili ikitazama goli la wapinzani. Kugusa kwake kwa kwanza tayari kunakwenda mbele. Bega hilo halijigeuzi lenyewe. Limerudiwa mazoezini mpaka likazoea.

Kipimo kigumu ni mfumo. Huku Mafia beki wako anaweza kuwa baharini siku ya mechi, na kocha anayeng'ang'ania mpangilio mmoja ataumbuka. Hata Carlo Ancelotti, aliyetwaa Kombe la Ulaya akiwa kiungo wa Milan 1989 na 1990, alipitia huko. Akiwa kocha wa Parma mwaka 1997 alimkataa Roberto Baggio kwa sababu hakuingia kwenye 4-4-2 yake. Baadaye akiwa Milan akawapanga pamoja Pirlo, Seedorf na Rui Costa, mafundi watatu wa kati, na mwaka 2003 akatwaa kombe lile lile akiwa kocha. Mfumo ulikuwa umeanza kuwafuata watu.

Kwetu Tanzania kipimo ni Abdallah Kibadeni. Mwaka 1977 aliifunga Yanga mabao matatu, Simba ikishinda 6-0. Hilo lilimpa ufalme wa mchezaji. Ukocha wake upime kwa mwaka 1993, alipoifikisha Simba fainali ya Kombe la CAF: sare ya 0-0 Abidjan dhidi ya Stella ya Ivory Coast, halafu kipigo cha 0-2 Dar es Salaam. Kombe lilikwenda, lakini kuivusha timu mpaka fainali ya Afrika ni kazi isiyofanywa na jina la zamani.

Kwa hiyo ligi ya wilaya ikianza, usiulize kocha alifunga mangapi. Mtafute kijana aliyesugua benchi msimu uliopita, uone leo anajua nini ambacho hakukijua mwaka jana. Kama hakuna kilichoongezeka, hapo mna staa mstaafu tu.